Nyama ya Siku ya Tatu

Jumanne, 4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku wazima, ila mashine yangu ya kushonea imeanza kula nyuzi kama mbuzi.

Nina shida ya kielimu, usicheke. Kanisani wamenipa darasa la watu wazima nifundishe sadaka za amani za Waisraeli wa kale, na mimi nyama naijua ikishafika sufuriani tu. Wewe ndiwe mwenye bucha. Nieleze: yale mafuta ya kwenye figo yaliyoteketezwa kwa ajili ya Mungu yakoje? Kidari na paja la kulia alipewa kuhani. Ndizo sehemu nzuri? Na kwa nini iliyobaki hadi siku ya tatu ilichomwa moto, na aliyeila akahesabiwa kosa?

Mama mkwe anakusalimu. Bado anajipikia chumbani kwenye jiko lake dogo. Tangu ile karamu ya shukrani hajaonja chakula cha mkono wangu, na huu ni mwaka wa pili.

Dada yako

*

Jumatano, 12 Februari

Dada,

Salamu nimezipokea, nami sijambo. Mgongo unavumilika.

Mafuta ya figo ni meupe na magumu, hukatika kama sabuni. Yakishika moto huwaka vizuri sana. Ndio unono wenyewe wa mnyama. Kidari ni kitamu, paja lina nyama nyingi. Huyo kuhani hakupunjwa.

Hilo la siku ya tatu sijui. Labda ni joto la huko kwao. Muulize mchungaji.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 20 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbona barua fupi hivyo, au wino umepanda bei?

Somo lilikwenda vizuri. Yule fundi viatu alisinzia mwishoni tu, na kwake huo ni uamsho. Niliwaambia kwamba katika sadaka hii hata mwenye kuitoa alikula. Mungu alikuwa na fungu lake, kuhani lake, na mtu na jamaa zake lao, kama watu wa meza moja. Na kwa kuwa nyama ya ile ya shukrani haikuruhusiwa kulala hadi asubuhi, hakuna ambaye angemaliza mnyama mzima peke yake. Ilibidi aite watu, hata asiosemezana nao. Sisi hatuchinji tena, nikasema, Kristo ndiye amani yetu na ametolewa mara moja. Kazi tuliyobakiziwa ni kuketi na kula pamoja.

Fundi viatu akaamka, akauliza, "Na kwako, mwalimu, anakula nani?"

Hakukusudia ubaya. Watu ishirini na watatu waliugua siku ile niliyomshukuru Mungu kwa mama mkwe kupona, na yeye mwenyewe akarudishwa hospitali siku kumi na moja. Wote wanasema ni mikono yangu michafu. Hata mimi nimeanza kuiogopa. Naiosha mpaka inachubuka.

La siku ya tatu hukunijibu. Mtu wa bucha asijue nyama inaharibika lini?

Dada yako

*

Jumapili, 30 Machi

Dada,

Nisamehe kwa kimya, na nisamehe sikuulizi hali. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama barua nne nilizozichana.

Si mikono yako. Unakumbuka karamu iliahirishwa siku mbili kumsubiri mchungaji? Mimi nilikuwa nimeshachinja. Siku ya pili friji la bucha likazima. Siku ya tatu nilipolifungua nilinusa, nikajua. Nina miaka kumi na sita kwenye gogo la nyama, sihitaji kuambiwa. Nikaiosha ile nyama kwa siki na chumvi, nikakuletea, kwa sababu niliona aibu kuja mikono mitupu kwenye shukrani yako.

Halafu walipokulaumu nilikuwa nimekaa kando yako kwenye benchi la hospitali, nikanyamaza. Ulinipa leso yako nijifute jasho.

Tangu hapo kila anayeingia bucha amekunja uso nadhani amekuja kwa jambo hilo. Lakini hofu yangu kubwa si ya watu. Sina mwingine wa kuniita mdogo wangu.

Mdogo wako, kama bado

*

Jumapili, 27 Aprili

Dada,

Hujambo? Mwezi umekatika. Mtu wa posta akipita bila kusimama napumua, kisha naogopa zaidi. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 9 Mei

Nimeisoma. Leo nami sikuulizi hali.

Wiki ya kwanza nilitaka barua yako isomwe kanisani kwa sauti. Wiki ya pili nilitaka kuichoma. Miaka miwili nimeichukia mikono yangu, na jibu ulikuwa nalo mfukoni. Kwa hasira nimemshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Kisha nikalirudia somo langu. Haruni alipoanza ukuhani, sadaka ya dhambi ilitangulia, na ya amani ikafuata nyuma. Mimi nilifundisha karamu nikauruka mlango wake.

Njoo Jumamosi tarehe 24 na mbuzi aliye hai. Utamchinja uani kwangu asubuhi, mbele ya wote walioumwa, na utasema kwa kinywa chako mwenyewe. Mimi nitapika, na nyama hiyo hailali. Kama watakula, sijui. Nami naogopa.

Dada yako

*

Jumapili, 25 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Ulisema yote bila kujitetea, ukaosha kisu, na nilipogeuka kuchochea moto ulikuwa umeshapita mlango wa nyuma, hata aproni hukuvua. Basi nikusimulie ulichokikimbia.

Wawili waliondoka papo hapo, sikufichi. Waliobaki walikaa na sahani mapajani, hakuna aliyesogea. Nikapakua, nikala wa kwanza. Nilitafuna peke yangu huku wote wakinitazama koo, na sijawahi kukiogopa kipande cha nyama namna ile. Fundi viatu akafuata. Akasema ameshakula soli ngumu kuliko hiyo. Watu wakacheka, wakanyoosha mikono.

Mama mkwe hakunyoosha. Jua likaanza kushuka, fungu lake limepoa, na pembeni nilikuwa nimeshawasha moto wa kuteketezea mabaki. Nikainyanyua sahani yake.

"Unaipeleka wapi?"

"Hailali, Mama."

Akaichukua mkononi mwangu. Akaonja, akasema chumvi haitoshi. Nilikwenda kuleta chumvi huku nalia.

Sufuria nililiosha kabla ya giza. Leo asubuhi nimelikuta lile jiko lake dogo limewekwa nje ya mlango, limefutwa masizi, na yeye ameketi mezani anangoja chai yangu.

Fungu lako usiliulizie. Nilikupakulia, nikakungoja, lakini sheria ni sheria: amelila fundi viatu. Safari nyingine kaa ule.

Dada yako