Baba Yako Anaona Manjano

Kajiado, 14 Machi 2025

Kamene mwanangu,
Salamu nyingi. Uko aje? Munguti mzee wako yuko aje, na Yvonne ameacha kukohoa? Nzomo anaenda shule? Mama mkwe mgongo umepoa? Wasalimie mmoja mmoja. Kule nyumbani Noonkopir ndugu yako ni mzima, kuku pia, mimi ni mzima, ni baba yako tu.

Ametapika tangu jana. Ameniuliza mbona nimevaa kitambaa cha manjano kama naenda harusi, na ni kile changu cheupe. Hospitali ya Kitengela wakasema moyo unapiga polepole sana, wakatuleta Kajiado na ambulensi. Nakuandikia kwa sababu wodini wamekataa tupige simu. Daktari anauliza ni dawa gani ya moyo anameza kila siku. Mimi najua ni tembe ndogo nyeupe. Wewe ndiye hununua huko Bisil. Inaitwaje?
Mama yako

Bisil, 14 Machi, saa sita

Mwaitu, mama yangu, pole sana. Tuko wazima. Lakini ungeanza na baba, kuku wangengoja! Inaitwa digoksini. Mwambie daktari sasa hivi. Na muulize baba kama aliongeza. Hiyo ikizidi ni sumu. Munguti yuko Oltepesi na mbuzi, siwezi kuacha duka na watoto. Usinifiche kitu.
Mtoto wako Kamene

Kajiado, 14 Machi, jioni

Kamene,
Asante kwa kujibu, watoto wasalimie tena. Nimemuuliza. Amesema ukweli. Kanisa letu lilikuwa linafunga wiki hii. Kumbe tembe hakumeza, eti maji yangevunja mfungo. Siku ya kufungua akameza zote alizokosa pamoja, na kikombe kimoja cha uji. Anasema hakutaka kumkosea Mungu wala daktari.

Nimemwambia daktari, hakumgombeza. Alisema tu, "Mama, afadhali umesema." Wamemwekea waya kifuani, kuna kama TV ndogo iko na mstari unaruka. Ukikawia kuruka, nami nashika pumzi. Wanasema iko dawa ya kushika ile dawa mwilini, lakini inatoka Nairobi. Sielewi. Ile ilikuwa inamweka hai sasa inamuua? Nimeuliza Kakuta, ni nesi, akasema, "Ndiyo mama, hivyo hivyo." Ombea gari inayoileta.
Mama yako

Kajiado, 16 Machi

Kamene mwanangu,
Hamjambo nyote? Samahani, simu ilizima, Kakuta amenichajia. Baba yako yuko. Dawa ilifika, wakaipitisha kwa mshipa, na asubuhi moyo ukaanza kupiga vizuri. Ameomba chai, akasema haina majani.

Lakini nimechanganyikiwa tena. Anasema Mungu amemtendea makuu, akitoka hapa lazima afunge tena, ya kushukuru. Nimemkataza, ananicheka, eti mimi sijui mambo ya kiroho. Wewe anakusikia. Mwambie hata mtu ameshiba anaweza kushukuru. Ama ni dhambi kusema hivyo? Nijibu haraka, mchungaji anakuja kumwona saa saba.
Mama yako