Mama Shujaa wa Alhamisi

Isiolo mjini, 11 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, tumbo la mimba tu ndilo limenielemea. Mgongo wako je? Barua hii nampa Ewoi akirudisha jerikeni za maziwa, maana simu huko Gotu ni mpaka upande kilima, na hapa nyumbani mama mkwe anasikiliza kila neno.

Mama, kaa chini kwanza. Kliniki wametupima, mke na mume. Noor ana virusi vya Ukimwi, mimi sina. Amepewa dawa, lakini akiwa safarini na lori la mbuzi haimezi, anaogopa wenzake watamwona. Kwa hiyo mimi nimepewa vidonge vya kinga, kimoja kila siku, nisiambukizwe, na nimnyonyeshe mtoto bila hofu. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Sadiya

Gotu, 18 Desemba 2024

Binti yangu,

Aleikum salaam. Mgongo ni ule ule, unajua mwenyewe. Barua yako imeniliza, nikamlaani Noor, kisha nikaomba toba.

Halafu Alhamisi nikawasha redio. Kipindi kizima ni juu ya hivyo vidonge! Wamekiita "Kinga au Sumu?" Mtangazaji amesema vinaozesha figo, akaleta mama mmoja analia, na muziki wa huzuni chini yake. Eti wanaovimeza ni wanawake wanaotaka kutembea ovyo bila kuogopa. Wewe nilikulea kwa maziwa ya ngamia, si kwa sumu. Viache.

Mama yako

Isiolo mjini, 24 Desemba 2024

Mama,

Salaam nyingi. Usinitie hasira na tumbo hili. Nimemuuliza muuguzi wetu, Akaale. Anasema ni watu wachache ambao figo husumbuka, ndiyo maana tunapimwa damu, na dawa ikisimamishwa kwa kawaida hurudi sawa. Huyo mtangazaji wako alimpigia Akaale simu, wakaongea nusu saa nzima. Redioni likatoka neno moja tu, figo. Na huo muziki, hata wakiuweka chini ya tangazo la bei ya mbuzi, utalia.

Njoo unilee arobaini yangu nikijifungua. Nakuhitaji.

Mwanao,
Sadiya

Gotu, 2 Aprili 2025

Mwanangu,

Idd njema. Mjukuu wangu Boru anaongeza mashavu? Tangu arobaini iishe nirudi huku, mikono yangu inamtafuta.

Sasa umenenepa na maziwa yamejaa, naweza kukuambia. Unajua katika arobaini mzazi hashiki kitu, nyumba yote ni ya mama yake, hata maji ya kumezea dawa. Siku ya tano nilivimwaga chooni vidonge vyako vyote vya miezi mitatu. Nikajaza makopo yale vitamini za dukani, nyeupe, saizi ile ile. Ulizimeza kutoka mkononi mwangu, na nilipoondoka ukaendelea mwenyewe. Na figo zako nzima! Haya, nani alikuwa sawa?

Wiki jana nilipanda kilimani nikapigia kipindi. Sikutaja jina lako. Nilisema tu nimemwokoa binti yangu. Mtangazaji akaniita Mama Shujaa, na watu wakapiga simu kunisifu mpaka kipindi kikaisha.

Mama yako

Isiolo mjini, 21 Aprili 2025

Mama,

Salaam aleikum. Unataka kujua afya yangu? Nimepimwa tena. Virusi ninavyo. Januari nilikuwa sina.

Boru amenyonya miezi mitatu. Wamemtoa damu kisiginoni, majibu bado. Alipolia aliniangalia mimi, hakumwangalia muuguzi.

Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta tusi la kukufaa. Sikulipata, kwa sababu ulinifanyia haya huku ukinikanda mgongo kwa samli. Ungekuwa unanichukia, leo ningekuwa mzima.

Nataka kitu kimoja kwako. Rudi redioni useme yote. Taja jina langu ukitaka, sina tena la kuficha. Kuna wanawake wanakusikiliza.

Sadiya

Gotu, 29 Mei 2025

Sadiya mwanangu,

Asalaam aleikum. U mzima? Boru mzima? Nimetuma jerikeni mara nne, zimerudi zimeoshwa vizuri, bila barua. Majibu ya mtoto yametoka? Nikimuuliza Ewoi anashughulika na kufunga kamba za mizigo.

Nilienda redioni huko mjini. Sikuthubutu kupita kwako. Mtangazaji alininunulia soda, akasikiliza yote, kisha akasema hayo ni mambo ya familia, hawezi kuwachanganya wasikilizaji. Kipindi changu, anasema, ndicho kilichopendwa kuliko vyote mwaka huu. Nilinyanyuka nikaondoka. Ningeweza kupiga kelele pale ofisini, sikupiga. Niliona aibu, na haikuwa aibu yako, ilikuwa yangu.

Wanakirudia kila Alhamisi. Leo asubuhi nimejisikia nikicheka redioni. Saa nne mke wa Waqo, jirani, akaja na sukari kilo mbili za kunishukuru. Mume wake naye ana virusi. Yeye mke alikuwa anameza vidonge kama vyako, amevitupa kwa ajili ya maneno yangu. Akanibusu mkono.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Lakini angeniuliza nimejuaje. Nikamwambia Mungu amjalie, nikamwongezea chai.

Mama yako