Shikamoo Ndani ya Ukumbi wa Chuo

Shikamoo Bibi. Hiyo ni yako, nyingine nimeitoa huku.

Uliniagiza nichunguze kama Dodoma panafaa kusoma. Dada Upendo anaishi vizuri hapa chuoni, anakula zabibu kila siku, ila upepo unamtesa. Jana ulinipeperushia kofia, nikaifuata mpaka ndani ya ukumbi uliojaa wanafunzi. Niliona haya kutoka, nikakaa.

Mhadhiri, mama mmoja mkali, akaninyooshea kidole. "Wewe mwenye kofia, mmomonyoko wa udongo unazuiwaje?"

Nikasimama. "Shikamoo, mwalimu."

Walicheka wote, isipokuwa yeye. "Marahaba, mwanangu! Hawa tangu muhula uanze hawajanisalimu." Akawasimamisha, wakamwamkia kwa pamoja kama darasa la kwanza.

Panafaa, Bibi. Nitaomba chuo hiki.

Nisalimie kuku wote, na jogoo umpe shikamoo yangu.

Mjukuu wako, Neema