Kwa Mama Habiba, Aliyevunjwa Mguu na Lori Nililoendesha

Mama Habiba uliyenitangulia,

Najua barua hii huwezi kuisoma. Hata ulipokuwa hai, barua ulisomewa na Habiba, bintiyo. Lakini nimerudi Mwingi kutoka kwenye msiba wako huko Garissa, na uso wangu umekataa kuinuka. Acha niseme nawe.

Unakumbuka nilivyofika kwako mara ya kwanza? Kijana wa Kikamba, nimeajiriwa kuendesha lori la maji, sijui neno hata moja la Kisomali. Kibanda chako cha chai kilikuwa chini ya mteremko, karibu na soko la mifugo. Ulinimiminia chai ya maziwa ya ngamia, nikakunja uso, nawe ukacheka hadi ukashika nguzo. "Kunywa, Mutua," ukasema. "Hii ndiyo nguvu ya huku." Tangu siku hiyo nikawa mteja wako. Nilipougua malaria, wewe ndiwe uliyenitumia uji na kumwuliza kila dereva kama nimeamka.

Lori lenyewe lilikuwa limenizidi umri. Wakati wa mvua za El Nino lilikwama kwenye tope wiki nyingi, na tangi lake lilivuja maji ya kisima yenye chumvi, tone baada ya tone, juu ya vyuma vya chini. Mvua zilipokwisha tajiri wangu, mwenye lori, alilipaka rangi mpya ya buluu, likang'aa kama bibi harusi. Huko chini hakutazama. Nami sikutazama. Nilidhani kazi ya dereva inaanzia kwenye usukani.

Asubuhi ile nilishuka mteremko tangi likiwa limejaa. Nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni kama mguu unaoingia topeni. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono, lori likaguna tu na kuendelea. Mbele yangu wanawake walikuwa wamepanga foleni ya mitungi kwenye mfereji, wengine na watoto migongoni. Nilibonyeza honi na kupiga kelele kwamba breki imekataa. Wateja wako walitoka mbio, kibanda kikabaki kitupu. Nikakata kona kwenda huko.

Hakikuwa kitupu. Ulikuwa umeinama nyuma ya meza, unaokoa birika.

Nilikusikia kabla sijakuona. Niliruka chini, nikakuta nguzo imeangukia mguu wako, na mguu umepinda pale ambapo mguu haupindi. Kabla sijakugusa, watu walikuwa wamenishika shati. Jiwe la kwanza lilinipata begani. Ndipo sauti yako ikatoka chini ya mabati:

"Musimbige! Walahi, atakayembiga amenibiga mimi! Breki imekataa. Mimi nimesikia yeye anabiga honi, anabiga!"

Ulisema kwa Kiswahili kwanza, ili nami nielewe, kisha ukarudia kwa Kisomali. Mikono ikaniachia. Wanaume walewale waliotaka kuniua wakanisaidia kukubeba.

Fundi alipoingia chini ya lori alitoka na kipande cha bomba la breki. Kutu ilikuwa imelila hadi likawa jembamba kama ganda la yai, na lilipasuka pale maji ya chumvi yalipokuwa yakidondoka. Wazee walipokutana kusuluhisha, tajiri alinigeukia na kusema dereva ndiye mzembe. Wewe ulikuwa umelazwa kwenye mkeka, mguu una plasta. Uliomba lile bomba, ukalibana kwa vidole viwili, likamomonyoka mbele ya kila mtu. Ukamwambia tajiri, "Hii umeiua wewe mwenyewe. Usimfunike huyu mutoto na makosa yako." Tajiri akaamriwa akulipe fidia. Mimi nikaachiliwa.

Wote walinihesabia sina hatia, ila aibu haikuwasikiliza wazee. Kila nilipokuja kukuona hospitalini, wewe ndiwe uliyeniuliza kama nimekula. Uliporudi kuuza chai ulikuwa unachechemea, na mlio wa mkongojo wako kwenye changarawe ulinifanya nitazame kikombe hadi kiishe. Mwishowe nikahama. Ulinishika kichwa ukaniombea dua, nami nikashindwa hata kuitikia amina.

Habiba aliponipigia simu kwamba umefariki, nilikuja. Ulikuwa umeshazikwa. Nilikaribishwa mkekani pamoja na wajukuu zako, nao wakawa wanasimulia habari zako huku wakicheka na kulia. Mmoja, msichana mwenye macho kama yako, akakutaja kwa Kisomali, yaani bibi: "Ayeeyo alitutia hofu ya ngamia. Si ngamia ndiye alimwangusha akamvunja mguu?" Wengine wakaitikia. Nikamtazama Habiba. Akainamisha kichwa.

Miaka yote hiyo, Mama. Ulimsingizia mnyama ili wajukuu zako wasije kunichukia.

Nikawaambia, "Hakukuwa na ngamia. Lilikuwa lori, na dereva alikuwa mimi." Nikawaeleza yote, mpaka na lile jiwe la begani. Kisha yule msichana akanisogezea sahani ya wali na kuniambia nile, kwa kuwa nimetoka mbali.

Niwie radhi kwa kuivunja siri yako. Ulikuwa uongo wa huruma, lakini sikustahili kuendelea kukaa ndani yake. Lala kwa amani, Mama.

Mimi dereva wako,
Mutua