Tumemwoza Mwajuma kwa Mlio wa Vinu

Dada yangu mpenzi uliyeko milimani,

Ni mimi mdogo wako, yule aliyeacha chuo kwenye juzuu ya nne kwa sababu mwalimu aliionea wivu hati yangu. Barua hii sijui itapita njia gani. Tangu uende na shemeji kumwuguza mama mkwe wako huko Umatumbi, vita hivi vimefunga njia, na wachuuzi wa chumvi waliokuwa wakileta salamu zako hawaonekani tena. Lakini naandika, maana habari hii ni yako kwanza. Mwanao Mwajuma ameolewa.

Usianze kulia. Ngoja nikueleze kwa mpango, kwani siku hizi nina mpango, na aliyenifundisha ni mwanao.

Unaikumbuka harusi yako? Niliipanga mimi. Siku saba, ngoma nne, na ile kubwa niliipiga mwenyewe mpaka viboko wakatoka mtoni kuja kuuliza kuna nini. Watu wa Dimani wanaapa waliisikia wakiwa kwao. Ila kuna kipande ambacho barazani huwa nakiruka. Siku ya tatu wali ulikwisha, wageni wa Chumbi ndio kwanza wanaingia, na wewe bibi harusi uko ndani na njaa tangu alfajiri. Nilipochungulia nikakukuta unatafuna nazi. Ukaniambia, "Mwana wa mama, leo nimeshiba kelele." Mimi nikacheka. Wewe hukucheka.

Basi Salum, yule mkata boriti wa Kiongoroni, alipomaliza mambo ya posa, sikumwuliza mtu. Nikatuma salamu Chumbi na Dimani: njooni, siku saba, ngoma nne. Kesho yake jumbe kaja mbio, kilemba mkononi.

"Wewe una akili kweli? Ngoma ikilia, askari wa Mdachi watasema tunaitana vitani. Na walioko vitani watasema tunawaita wao. Tuchomewe nyumba kwa ajili ya mikono yako inayowasha?"

Nikamwambia askari hao nitawazuia peke yangu, kama nilivyomzuia yule mamba mwenye urefu wa mitumbwi miwili.

"Mamba hana bunduki," jumbe akasema, akaondoka zake.

Dada, siku mbili chakula kilinikataa. Nikamwendea Mwajuma, nikamwambia tuahirishe mpaka wewe mama yake urudi. Akanitazama kwa yale macho yako.

"Mjomba, mama alisema nini siku anaondoka?"

Nilikuwa nakumbuka. Ulisimama na furushi kichwani, ukasema, "Salum akiwa tayari na mimi sijarudi, msiningoje. Sitaki mwanangu azeeke ananisubiri."

"Haya," akasema, "kaa mkekani tupange."

Siku saba akazifanya moja. Wageni waje na maji ya asubuhi, waondoke na maji ya jioni, kwa sababu maji yakipwa mitumbwi hukwama kwenye tope, na mgeni aliyekwama hula siku tatu. Wa mbali, wa Chumbi na Dimani, nikatakiwa niwapelekee neno la kuomba radhi mimi mwenyewe niliyewaita, wasitembee njia hizi za hatari. Nilikwenda. Huko sikusimulia kitu chochote, na wewe unajua hilo lilinigharimu nini.

Nikamwuliza, na ngoma je? Harusi kimya si msiba?

Akanyoosha kidole uani. Jirani alikuwa anatwanga, na mwanawe mdogo anacheza kwa ule mlio.

Siku ilipofika, kila mwanamke alikuja na kinu chake, mchi wake, na mpunga wa kuwatosha watu wake. Vinu vikapangwa uani. Baba mdogo wa Mwajuma akasimama kuwa walii wa kumwoza kama shemeji alivyoagiza, ndoa ikafungwa, na michi ikaanza kupokezana. Wallahi, dada, nimepiga ngoma miaka thelathini, sijapata kusikia vile. Mlio ulitupanda miguuni. Mpunga ukapepetwa, mchele ukaenda moja kwa moja chunguni. Ngoma yetu ndiyo tuliyoila.

Kati ya shughuli, mtumbwi wa askari ukaingia kijitoni. Mimi hapo nilikumbuka nina kazi nyuma ya nyumba. Wanawake hawakuacha kutwanga. Askari mmoja akapaza sauti, "Kuna nini hapo?"

Somo wake Mwajuma, yule kungwi aliyemfunda, bila kuinua uso, akajibu, "Kuna njaa, baba. Tunatwanga."

Wakasikiliza kidogo, wakapiga kasia. Barazani nasema niliwatisha kwa kikohozi. Kwako nakuandikia ilivyokuwa.

Sahani ya kwanza ilikwenda ndani kwa bibi harusi. Niliibeba mimi, nikasimama mlangoni mpaka nikamwona amekula. Akasema, "Mjomba, nenda basi, nimeshiba." Nikageuka haraka, maana moshi ulikuwa mwingi.

Maji ya jioni yalipojaa wageni wakaondoka wote, hakukwama hata mmoja, na Mwajuma akaondoka na mumewe. Uani kikabaki kinu kimoja, chako. Tulikiweka katikati na mchi wako, na mpunga wako umo kapuni kando. Nilitaka kuutwanga asubuhi yake, nikaambiwa Mwajuma amekwisha acha neno kwa jirani: asiuguse mtu, harusi yake imebakiza kinu kimoja, na mwenye kinu yuko njiani.

Mpunga hauharibiki upesi kama mchele. Kila siku naugeuza juani na kuwafukuza kuku. Vita vitachoka, dada, hata mimi huchoka kusema. Siku hiyo shika njia, usilete kitu. Kinu kiko pale pale.

Mdogo wako,
mjomba wa Mwajuma, mlinzi wa mpunga wako