Jina la Mama Pembeni mwa Picha

Mpendwa dada Corinne,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Phoenix, wewe na shemeji na joto lenu. Sisi huku hatujambo kiasi. Ziwa limeganda, gari linagoma kuwaka asubuhi, na macho ya Mama ndiyo hayo, sasa anaona mwanga tu. Mimi afya ninayo. Nilichokosa ni usingizi, na ni kwa hasira.

Unaujua mnada wa hisani wa kila Februari, wa kuchangia nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Mwaka huu Mama aliamua kutoa ile picha ya Baba akiwa juu ya paa, anaondoa theluji. Ni nakala ya mwisho aliyoisafisha mwenyewe kabla macho hayajamtupa mkono. Amepiga picha za harusi za mji huu mzima, na picha zake zimejaa kuta za watu bila jina lake. Hii alitaka itoke na jina. Aliweka rula kwenye ukingo mweupe chini ya picha, akaandika kwa penseli akipapasa: Alvina Brekke. Nilipotaka kumshika mkono alinifokea, “Hebu toa mkono wako! Jina langu nalijua.”

Nikaipeleka kwa Darlene Hovland, mwenyekiti wa kamati, anayeendesha sadaka za watu kama jiko lake. Picha hakuitazama. Alitazama fremu yangu nyeusi, akakunja pua, akasema mwaka huu fremu zimetolewa na duka la binamu yake na lazima zitumike. Nikamwambia sawa, mradi picha iingie. Akanijibu, “Verlyn, tuachie wenyewe, hatujaanza leo.” Nikamwachia, mjinga mimi.

Jumamosi ukumbi ulinuka kahawa na nyama ya kusaga iliyookwa na viazi. Nikaikuta picha ndani ya fremu nene ya dhahabu, Baba kabanwa kama kavaa koti la mtoto. Ukingo mweupe haukuwepo. Jina halikuwepo. Mzee Orville, dalali wetu, akasoma kadi aliyopewa: mpiga picha hajulikani.

Nilisimama nikapiga kelele kwamba anajulikana, kwamba nusu yao humo ndani walipigwa picha za harusi na yeye. Darlene akanikata kalima. “Kaa chini, Verlyn. Tunachangia wagonjwa hapa, hatuko mahakamani.” Watu wakacheka, hata wale waliokula mezani kwa Mama. Picha ikanunuliwa na daktari wa meno, ataitundika wagonjwa wake wanapongojea. Siwasamehe hata mmoja.

Nilimvizia Darlene mlangoni, nikamwuliza nani kampa ruhusa ya kukata kazi ya mtu. Akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Alisema hakujiamulia. Picha ilipokataa kuingia kwenye fremu alimpigia Mama simu, haikupokelewa, basi akakupigia wewe. Nawe ukamwambia, “Kateni tu. Kwani Mama anaona? Atajuaje?”

Nilitamani awe mwongo. Lakini hiyo ni sauti yako, Corinne. Ndivyo ulivyosema ulipotaka tuuze kamera zake. Nimekuchukia, na sitaki kulipamba neno hilo.

Mama hajui lolote. Mafua yalimzuia nyumbani siku ya mnada, na tangu hapo ananiuliza kama jina lake lilisomeka hata kwa waliokaa nyuma. Nimemwambia tu kwamba wewe uliongea na Darlene kuhusu picha, na kwamba utampigia Jumapili umweleze.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama naye anakusalimu sana. Amefurahi mno kusikia kwamba uliishughulikia picha yake, na amenituma kiti chake nikisogeze karibu na simu.

Ni mimi ndugu yako,
Verlyn