Korosho za Watu

Chiola, 14 Agosti 2003

Zuhura, mke mwenzangu,

Barua yako imefika. Hatujambo, ila nyumba imepoa tangu tumzike babu yako. Unauliza umalize chuo au ushike cherehani.

Babu yako alijua korosho iliyokauka kwa kuitikisa sikioni. Alipoomba kazi ya kukagua korosho ghalani Ruangwa, karani alitaka cheti. "Mzee, masikio hayana muhuri," alimcheka. Wakamchukua kijana wa chuo. Msimu mzima kijana yule alimwita pembeni: "Babu, hebu nisikilizie hizi." Naye alimsikilizia. Nilipomgombeza alisema, "Nikikataa, korosho za watu zitaoza." Amekufa hawajamwandika kazi.

Maliza chuo, mjukuu wangu. Naona uchungu kukuambia hivyo.

Ukimwombea babu yako dua, unitaje na mimi.

Bibi yako, Somoe